Ukuta Unasomwa na Nani? Siku Moja katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna michoro ya ukutani inavyosomwa, na nani hasa huisoma. Msomaji asitegemee humu orodha ya wachoraji na vyeo vyao. Nitaeleza kwa njia ya matembezi, maana michoro yenyewe niliiona nikitembea, siku moja ya mapumziko, bila haraka yoyote, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa kilichoko kusini mwa Jiji la Meksiko.

Lakini kabla ya matembezi kuna kisa. Nikiwa mwaka wa pili niliandika insha juu ya hadhira. Nikadai, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma vitabu viwili, kwamba sanaa ya umma hueleweka na umma moja kwa moja kwa vile imewekwa mbele ya umma. Mwalimu wangu akairudisha na maneno manne ya wino mwekundu pembeni: "Msomaji wako amesimama wapi?" Alama alizonipa tusizitaje. Maneno yale yalinikera kwa muda mrefu kwa sababu sikuyaelewa. Nilidhani ananiuliza juu ya msimamo wa kiitikadi, kumbe alikuwa ananiuliza juu ya miguu.

Basi nilipopata bahati ya kwenda Meksiko kwa mkutano wa wanafunzi, na katikati ya mkutano tukapewa siku moja ya kupumzika, wenzangu walikwenda kwenye mapiramidi. Mimi nikaenda chuoni. Walinicheka sana.

Ukuta ulitoka wapi?

Msomaji anayetaka kuielewa michoro hii hana budi kurudi nyuma kidogo. Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwaka 1910 na vita vyake vikaendelea kwa takriban miaka kumi. Yalipotulia, nchi ilikuwa imejaa wakulima na vibarua ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mwaka 1921 José Vasconcelos, ambaye kabla ya hapo aliongoza chuo kikuu hicho hicho, akawa waziri wa elimu. Akawapa wachoraji kuta za majengo ya serikali. Hapo ndipo walipotokea wale watatu ambao kila kitabu cha sanaa huwataja pamoja: Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros. Hoja ilikuwa nyepesi: asiyesoma kitabu atasoma ukuta.

Ni hoja nzuri, lakini ina tundu. Kuta zile za mwanzo nyingi zilikuwa za ndani, katika ofisi, katika shule na katika ua za wizara. Mkulima angeingiaje wizarani? Angemwambia mlinzi anakwenda kusoma ukuta? Kwa hiyo kampasi mpya ilipojengwa kati ya mwaka 1949 na 1952, wasanifu na wachoraji wakakubaliana kuitoa michoro nje kwenye jua na mvua. Mchoro wa rangi ya kawaida usingedumu huko. Wakatumia mawe, vioo na vigae, vipande vidogo vidogo vilivyopangwa pamoja. Hii ndiyo sanaa ya mozaiki. Fani ilibadilika kwa sababu hadhira ilihamia nje, na jambo hilo peke yake lingetosha semina nzima.

Matembezi

Nilishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Copilco yapata saa mbili asubuhi. Mwenyeji wangu, binti anayesoma fasihi kama mimi, alikuwa ananisubiri na mfuko wa mkate mtamu. Kutoka pale ni mwendo mfupi tu hadi Kitivo cha Utabibu, na hapo ukuta wa kwanza hukupokea hata kabla hujajiandaa. Ni wa Francisco Eppens. Uso mkubwa una sura tatu: upande mmoja mama Mwenyeji wa Amerika, upande wa pili baba Mhispania, na katikati, ukitutazama ana kwa ana, mtoto wao. Nyoka anayejing'ata mkia amezunguka yote. Nilipouona nikasema, "Hapa dhamira iko wazi." Mwenyeji wangu akatabasamu. Akaniambia dhamira ya mchanganyiko wa damu ndiyo serikali ilivyopenda kujieleza, na kwamba Wenyeji wa Amerika walio hai leo, wenye lugha zao, hawakuulizwa kama wanakubali kuwa nusu ya sura. Nikaacha kusema "iko wazi" kwa muda wa saa moja.

Tukapita uwanja mpana wa majani ambao wanafunzi huuita Visiwa. Jamani, chuo kile ni kikubwa! Wanafunzi wake, ukijumlisha matawi yote, ni zaidi ya laki tatu. Basi za ndani ni za bure. Chini ya majani yale kuna mwamba mweusi, maana kampasi imejengwa juu ya zaha, yaani tope la moto lililomwagwa na volkeno ya Xitle zaidi ya miaka 1,600 iliyopita na kugeuka jiwe. Kila mahali unaliona jiwe hilo: kwenye ngazi, kwenye kuta, na pale walipoliacha kama lilivyo, likiwa na mimea ya miiba. Mwaka 1946 serikali iliitwaa ardhi hiyo kutoka kwa wanakijiji waliokuwa wakiimiliki kwa pamoja. Naomba msomaji alishike jambo hilo la ardhi. Tutalirudia.

Kaskazini ya Visiwa kuna Kitivo cha Falsafa na Fasihi. Mchoro maarufu hauko pale, lakini mimi nilisimama kuliko kwingine. Tarehe 18 Septemba 1968 jeshi liliivamia kampasi hii ili kuvunja harakati za wanafunzi, likakaa hadi tarehe 30. Katika siku hizo zote mshairi mmoja kutoka Uruguay, Alcira Soust Scaffo, alijificha chooni katika jengo la kitivo akinywa maji ya bomba. Mwandishi Roberto Bolaño alimgeuza kuwa mhusika mkuu wa riwaya yake Amuleto, iliyotoka mwaka 1999. Mwenyeji wangu alinisimulia habari hizo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuonyesha duka la vocha. Siku mbili baada ya jeshi kuondoka, tarehe 2 Oktoba, wanafunzi na raia waliuawa kwa risasi katika uwanja wa Tlatelolco. Ukumbi mkubwa wa kitivo una majina mawili: la rasmi ni Justo Sierra, na wanafunzi tangu mwaka ule wanauita Che Guevara. Mtu anayesoma fasihi anajua kwamba kitu chenye majina mawili kina wasomaji wawili.

Kitabu cha mawe

Maktaba Kuu lazima niieleze kwa kirefu. Ni mnara usio na madirisha, maana ndani yake ghorofa kwa ghorofa ni ghala la vitabu, na vitabu havipendi jua. Juan O'Gorman, aliyekuwa mmoja wa wasanifu wake na ndiye mchoraji, alizivisha pande zote nne mawe, eneo la takriban mita za mraba 4,000. Hakupaka rangi. Alizunguka Meksiko nzima akitafuta mawe yenye rangi zake ya asili: mekundu, ya njano, meusi, ya kijani. Buluu ilimshinda, hakupata jiwe la kutosha la rangi hiyo, ikabidi atumie vioo vilivyotiwa rangi na kuvunjwavunjwa. Mawe yalipangwa chini juu ya vielelezo, yakamwagiwa zege, na kila bamba la mita moja ya mraba likapandishwa ukutani.

Upande wa kaskazini ni Meksiko ya kabla ya Wahispania, na miungu yake na maji yake. Upande wa kusini ni enzi ya ukoloni, na humo kuna duara mbili kubwa kama macho: moja ni ulimwengu wa Ptolemy, dunia ikiwa katikati, na ya pili ni ule wa Copernicus, jua likiwa katikati. Mashariki ni dunia ya leo, na magharibi ni chuo kikuu chenyewe. Nilianza kuusoma kama ninavyosoma kitabu, kutoka juu kushoto, mstari kwa mstari, daftari mkononi. Baada ya nusu saa shingo iliniuma, na nilikuwa sijamaliza hata robo ya upande mmoja.

Nikamwuliza mwenyeji wangu, "Hivi ninyi mnausoma vipi?"

"Hatuusomi," akasema. "Tunakutana chini yake."

Nilidhani ananitania. Lakini tazama: vijana wamelala kwenye majani, wamekula, wanabishana, wengine wameupa mnara mgongo kabisa. Ukuta ule kwao ni kama mbuyu wa kijijini. Hapo swali la mwalimu wangu likaanza kunifungukia. O'Gorman aliandika matini nzito, yenye ishara zinazodai msomaji aliyesimama, mwenye muda, mwenye elimu ya historia. Msomaji wa namna hiyo, siku ile, pale nje, nilikuwa mimi mgeni peke yangu. Sisemi mnara ni mbaya. Nadhani ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona. Nasema tu kwamba uzuri wake na usomekaji wake ni vitu viwili, nami katika insha yangu nilivichanganya.

Mikono ya Siqueiros

Kutoka Maktaba hadi jengo la utawala ni hatua chache. Hapa Siqueiros, mkomunisti aliyekuwa na desturi ya kugombana na kila mtu, alifanya kazi kati ya mwaka 1952 na 1956, na hakumaliza yote aliyokusudia. Yeye alikuwa na nadharia. Alisema mtazamaji hasimami, hupita. Kwa hiyo mchoro wa nje lazima upangwe kwa ajili ya mtu anayetembea, au aliye ndani ya gari. Upande wa kusini aliweka watu wakubwa waliotokeza ukutani, nusu mchoro nusu sanamu, wamefunikwa vigae vya kioo. Ni wanafunzi, wamenyoosha mikono mbele wakibeba zana za elimu. Jina lake kwa Kiswahili ni kama hivi: Umma kwa Chuo Kikuu, Chuo Kikuu kwa Umma.

Upande wa kaskazini kuna mikono mikubwa na kitabu, pamoja na miaka. 1810, vita vya uhuru vilipoanza. 1857, katiba. 1910, mapinduzi. Kisha 19 na alama mbili za kuuliza. Siqueiros aliuacha mwaka huo wazi, ujazwe na watakaokuja. Karne ile imekwisha na alama zile bado zinauliza.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kule nyumbani Muheza ilikuwa saa mbili usiku, wakati mama yangu anapokuwa amerudi barabarani anakouzia machungwa kwa abiria wa mabasi. Mama aliacha shule darasa la pili. Jina lake analiandika, gazeti halisomi. Katika miaka yangu yote ya chuo sijawahi kumwonyesha kazi yangu hata moja, kwa sababu ningemwonyesha nini? Karatasi? Basi nikapiga picha ya ukuta wa kusini, nikaituma kwenye simu ya mdogo wangu, na chini yake nikaandika: mwonyeshe Mama, mwulize anaona nini. Nakiri nilikuwa najaribu nadharia yangu kwa mzazi wangu. Ndiyo insha yenyewe: kazi ya umma, mtu wa umma, moja kwa moja.

Jibu lilikuja kwa sauti. Kwanza aliniuliza kama nimekula. Halafu kimya kidogo, halafu: "Mwanangu, hao watu mikono wameinyoosha. Wanaomba au wanatoa?"

Nikaangalia ukuta. Nilikuwa nimesoma, kabla ya kufika, kwamba wanatoa: wanafunzi wanaurudishia umma matunda ya elimu. Ndivyo ilivyoandikwa, nami ndivyo nilivyoona, kwa sababu ndivyo nilivyosoma. Lakini mikono iliyonyooshwa ni mikono iliyonyooshwa. Nilimtafsiria mwenyeji wangu swali lile. Hakucheka. Akaketi juu ya ukingo wa mawe akafikiri.

Akasema, mwezi Aprili 1999 wanafunzi waligoma hapa kupinga kupandishwa kwa ada. Ada ilikuwa ndogo mno, ya jina tu, na wakubwa walitaka kila familia ilipe zaidi kwa kadiri ya uwezo wake. Mgomo ulidumu karibu miezi kumi, mpaka polisi wa serikali kuu walipoingia Februari 2000. Mama yake mwenyeji wangu alikuwa miongoni mwa wagomaji. Kwa wale, ukuta ulisema: umma uingie, mlango usiwekewe bei. Kwa waliowapinga, ukuta huo huo ulisema chuo kina deni la kuwapa watu wataalamu, na wataalamu wanagharimu fedha. Sisi tuliokulia kwenye maneno "kuchangia gharama" hatuhitaji kutafsiriwa mjadala huo. Na wale wanakijiji ambao ardhi yao ilitwaliwa mwaka 1946, wao ndio walikuwa wa kwanza kutoa, tena bila kunyoosha mkono. Mimi sikuwaona ukutani.

Nikamjibu Mama kwamba wanatoa. Akauliza, "Wanampa nani? Mbona mbele yao hakuna mtu?"

Mbele yao, msomaji, ni barabara. Anayepokea ni yule anayepita. Siqueiros alikuwa amemwachia nafasi msomaji wake, na Mama akaiona nafasi hiyo kwenye kioo cha simu, mahali nilipoona anga tu. Lakini nafasi kwa ajili ya mtu na mtu kutokuwapo, kwa macho tu, vinafanana. Nilipojaribu kumweleza akasema, "Haya, wewe ndiye msomi." Sikujua kama ananisifu.

Uwanjani

Jioni tulivuka barabara kuu ya Insurgentes kwenda Uwanja wa Olimpiki, ambao nao ni mali ya chuo. Kwa mbali ni kama mdomo wa volkeno. Diego Rivera alikusudia kuuzungushia mchoro wa mawe pande zote, akamaliza sehemu moja tu ya mashariki. Kuna tai na kondori, kuna baba na mama wanaompa mtoto njiwa wa amani, kuna wanamichezo wawili wanaowasha mwenge, na chini yao nyoka mwenye manyoya. Ni mchoro mtulivu kupita kiasi, kwa maoni yangu, ukiukumbuka mwaka 1968. Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa humo tarehe 12 Oktoba, siku kumi tu baada ya Tlatelolco.

Lakini uwanja huu kwetu una maana nyingine. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule Kipchoge Keino wa Kenya alishinda humu mita 1,500. Siku hiyo hiyo mbio za marathoni zilimalizikia humu. Mamo Wolde wa Ethiopia aliwasili kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa nzima baadaye, jua likiwa limezama, aliingia John Stephen Akhwari wa Mbulu, ameumia goti, amefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Walikuwapo watu wachache tu. Nje ukutani ilikuwapo familia ya Rivera na njiwa wake. Hakuna mchoro wa Akhwari pale, wala sidai uwepo, ila nilimwonyesha mwenyeji wangu lango na kumsimulia, nami kwa mara ya kwanza siku ile nikawa mimi ninayesoma ukuta na yeye anayesikiliza. Rivera hakuandika habari hiyo. Iliandikwa baadaye, na mtu aliyekuwa anachechemea, kwa wale waliobaki kwenye viti.

Tulirudi kwa basi, giza likianza. Nilikaa dirishani upande wa jengo la utawala kwa makusudi. Kwa mwendo ule ni kweli asemavyo Siqueiros: watu wale wanasogea, mikono inakufuata, inakupita. Nilihesabu labda sekunde sita. Nilipiga picha nyingine, ikatoka na ukungu, nikamtumia Mama hiyo pia. Akasema ya kwanza ilikuwa bora, na kwamba nivae sweta.

Ile insha nimeiandika upya. Ukurasa wa kwanza una swali la Mama, na nimelitaja kuwa ni lake. Nimempelekea mwalimu wiki iliyopita, bado hajairudisha.